Mtoto wa miezi minne na nusu hapandi uzito, bibi yake anasema amebemendwa. Naombeni uzoefu wenu

#1 Ua la Mbagala
Habari zenu wana jukwaa.

Nina mtoto wa kiume, wa kwanza, ana miezi minne na nusu. Alizaliwa na kilo 3.1. Mwezi wa kwanza 4.0, wa pili 5.0, wa tatu 5.7. Mwezi wa nne kliniki wakasoma 5.8. Juzi nikarudi kabla ya tarehe maana roho haikutulia, wakasoma 5.8 ile ile. Ule mstari kwenye kadi uliokuwa unapanda sasa umelala. Nesi kaniambia "mama, nyonyesha mtoto", kaita mwingine.

Kunyonyesha nanyonyesha. Nilirudi kazini siku 84 zilipoisha. Namkamulia usiku na alfajiri, anabaki na dada wa kazi kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa moja usiku, foleni mnaijua. Hana homa, haharishi, hatapiki, anacheka na watu. Chanjo zote za wiki ya 14 kapata.

Mama mkwe amekuja kutoka Morogoro. Alimpakata, akamshika mapaja, akasema mbele ya mume wangu: "Mtoto huyu kabemendwa," nami nikasikia kadhoofishwa na uzinzi wa wazazi. Tangu siku hiyo ndani hakuna amani. Mimi najijua sijatoka nje, mume wangu naye anaapa. Jumamosi bibi anataka kumpeleka kwa mtu akaogeshwe dawa.

Nianzie wapi? Na hili la kubemenda lina ukweli wowote?

#2 Chausiku_92
Pole mdogo wangu. Wa kwangu wa kwanza alisimama hivyo hivyo mwezi wa nne. Maziwa yako yatakuwa mepesi, hayamshibishi. Nilianza uji mwepesi wa ulezi, mwezi uliofuata akapanda. Usisikilize wanaosema miezi sita, kila mtoto na tumbo lake.

#3 Nesi Mstaafu
Chausiku, taratibu mama. Uji mwepesi ni maji yaliyopakwa unga. Tumbo la mtoto wa miezi minne ni dogo, ukilijaza uji, nafasi ya maziwa inaondoka. Na hakuna mama mwenye maziwa mepesi. Maziwa ya kwanza kutoka ni ya majimaji, yanakata kiu. Yanayofuata ndiyo yana mafuta mengi. Mama akimhamisha titi baada ya dakika mbili tatu, mtoto anakunywa yale ya mwanzo pande zote mbili halafu analala.

Ua, kabla hatujakisia, nijibu haya:

Anakojoa mara ngapi kwa siku? Sita au zaidi, mkojo mweupe, maziwa yanaingia. Chini ya hapo, au mkojo wa njano kali, hayaingii ya kutosha.

Akiwa kwenye titi, anahema sana? Anatoka jasho kichwani? Anachoka na kuacha katikati? Hilo linaweza kuwa moyo, na halisubiri Jumamosi.

Mizani ya mwezi wa tatu na wa nne ni ile ile?

Dada anampa maziwa kiasi gani, kwa chupa au kikombe, na anampa kitu gani kingine?

Kuhusu namba zako: kwenye viwango vya WHO vya 2006, mtoto wa kiume wa miezi minne mstari wa kati ni kilo 7.0 na mstari wa chini ni kama 5.6. Mwanao bado yuko juu ya mstari wa chini. Akibaki 5.8 hadi mwezi wa tano atakuwa chini yake, maana hapo unafika 6.0. Kwa hiyo usizimie, ila usilale. Baada ya mwezi wa tatu kasi hupungua kwa watoto wote. Kupungua kasi na kusimama ni vitu viwili.

#4 Baba Pacha
Nesi kagusa mizani, nami naomba niseme yaliyonikuta.

Pacha wangu, wa kike wawili, wakiwa na miezi saba. Tulipima kituo kimoja, siku moja, wameachana dakika tano. Kulwa 7.4, Doto 6.6. Mke wangu akaanza kulia pale pale. Mimi ndiye ninayewabeba wote wawili kila jioni, mmoja kila mkono, nilijua kabisa hawawezi kuachana gramu 800. Nikaomba warudiwe.

Nikasogea nikaangalia. Mizani ni ile ya saa, ya kuning'iniza, imefungwa kwenye mwimo wa mlango. Mtoto anavishwa kaptula ya kitambaa chenye mikanda, anatundikwa. Kaptula ilikuwa moja kwa watoto wote na ilikuwa imelowa, mtoto aliyetangulia kaikojolea. Ikiwa tupu imetundikwa, mshale ulikuwa umeshasogea vistari viwili juu ya sifuri. Doto alipopimwa alikuwa anarusha miguu, mshale unacheza kati ya 6 na 7, nesi akasoma pale alipowahi, foleni ndefu nyuma yake. Aliporudisha mshale kwenye sifuri na kumsubiri mtoto atulie, Kulwa akasoma 7.1 na Doto 6.9.

Sisemi mwanao ana afya. Nasema kabla hujavunja ndoa, pima tena.

#5 Mkulima wa Ismani
Baba yake ana umbo gani? Kwetu ukoo mzima ni wembamba. Mimi nimeoa mwanamke mnene, watoto wote wamefuata kwangu. Mtoto anacheka, anacheza, shida iko wapi?

#6 Zuhura M
#5 mwembamba wa ukoo anapanda taratibu kwenye mstari wake wa chini. Huyu alikuwa anapanda kisha akasimama. Si ukoo huo.

#7 Bi Mwanaisha
Mwanangu Ua, nimelea tisa, wajukuu siwahesabu. Hili la kubemenda watu wanalitaja bila kulijua, acha nikueleze tulivyofundwa.

Tulifundwa kwamba mama anayenyonyesha asikutane na mume mpaka mtoto asimame, wengine walisema mpaka aache ziwa. Ukikiuka, mtoto anadhoofu, miguu inalegea, anachelewa kutembea. Wapo waliosema ni mume akitoka nje akarudi kumshika mtoto kabla hajaoga. Wapo waliosema ni mama kubeba mimba mtoto bado mchanga. Kila kabila na lake. Kwa hiyo mkweo akisema kabemendwa, muulize kwanza ipi kati ya hizo. Usikute hamaanishi uzinzi, wewe ndiye uliyesikia uzinzi.

Kinga yake ilikuwa mama kwenda kwao kukaa hata mwaka. Huko anapikiwa, halimi, hatwangi, mtoto hashuki mgongoni. Sasa mtoto wa namna hiyo atakosaje kunenepa?

#8 Ua la Mbagala
Asanteni sana, shikamoo Bi Mwanaisha.

Nesi, najibu. Mkojo sikuwahi kuhesabu, jana nimehesabu nikiwa nyumbani: mara tano. Hahemi sana wala hatoki jasho. Mizani si ile ile! Miezi mitatu ya kwanza nilipima zahanati ya karibu na nyumbani, ile ya kuning'iniza, na mara nyingine alipimwa na nguo. Mwezi wa nne nilipima karibu na kazini, mizani ya kulaza yenye namba, bila nguo.

Dada anatumia chupa. Namwachia chupa mbili, kila moja imejaa nusu. Naweka kwenye beseni la maji juu ya kabati, friji hatuna.

#9 Kidawa wa Chumbageni
Mdogo wangu, chupa mbili nusu nusu kwa zaidi ya masaa kumi na mbili? Na kwenye joto la Dar? Maziwa yaliyokamuliwa kwenye joto la kawaida la chumba hukaa masaa manne, na hapo wanasema nyuzi 25. Mbagala mchana ni 30 na kitu.

#10 Chausiku_92
#9 mimi kliniki niliambiwa masaa nane.

#11 Kidawa wa Chumbageni
Mafundisho ya zamani yalikuwa sita hadi nane. Siku hizi wanasema manne. Kwenye friji siku nne. Wasio na friji wanunue boksi la kubebea soda baridi, waweke barafu ya kununua, kikombe chenye mfuniko ndani. Mimi nilikuwa nanunua barafu kila alfajiri dukani kwa jirani, miezi mitatu. Na acha chupa, tumia kikombe kidogo. Chuchu ya chupa inamzoesha mtoto kupata bila kufanya kazi, usiku akipewa titi anaona uvivu.

#12 Daktari wa Zamu
Sina nia ya kutibu mtoto humu, nataja tu ambalo halijatajwa: maambukizi ya njia ya mkojo. Kwa mtoto mchanga yanaweza kuwapo bila homa, dalili pekee ikawa uzito kusimama. Kipimo cha mkojo hospitali ya wilaya wanafanya. Omba pia wingi wa damu. Na wewe mama, ulipima VVU ulipokuwa mjamzito, lakini kipindi cha kunyonyesha unashauriwa kupima tena. Siyo kwamba nakushuku, ni utaratibu kwa kila anayenyonyesha.

Akihema mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, mbavu zikiingia ndani, akikataa titi, akilegea au akipata degedege, usisubiri tarehe yoyote.

#13 Boda wa Kijichi
Piga 115 dada, gari linakuja bure usiku na mchana. Nimeshuhudia kwa macho, jirani alipelekwa.

#14 Nesi Mstaafu
#13 ahsante kwa moyo wako, ila tuweke sawa asije mtu akategemea. 115 ni ya m-mama: usafiri wa dharura kwa mjamzito, mama aliyetoka kujifungua hadi siku 42, na kichanga hadi siku 28. Mtoto wa miezi minne hayumo. Wajawazito mlioko humu ndio muiandike ukutani.

#15 Mama Kijacho
Samahani kwa kuingilia, kwa kuwa mmewataja wajawazito. Nina wiki 10. Niende kliniki lini? Shangazi anasema nisubiri tumbo lionekane, nisijitangaze mapema.

#16 Zuhura M
Nenda wiki hii. Hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki 12.

#17 Mkulima wa Ismani
Ni mahudhurio manne tu, bado una muda.

#18 Nesi Mstaafu
Manne ni ya zamani, mkuu. Tangu 2016 WHO inasema manane, na kwetu ndivyo kadi inavyofuata. Mama Kijacho, siku ya kwanza wanapima damu, kaswende, VVU, malaria, mkojo na presha. Unapata chandarua na vidonge vya kuongeza damu. Dawa ya SP ya kuzuia malaria inaanza ukishapita wiki 13. Shangazi haimpasi kujua, kadi unaweza kuifungia kabatini. Na nenda na mwenza wako, mara nyingi wanaokuja wawili wanahudumiwa mapema.

#19 Baba Pacha
Nathibitisha. Nilikaa benchi na wajawazito thelathini, mwanamume peke yangu. Nilitoka pale najua mambo ambayo mke wangu alikuwa ananieleza nusu nusu kwa aibu.

#20 Mama wa Mtwango
Nimesoma uzi wote kimya, sasa naomba niseme moja. Mtoto akisimama uzito, akikohoa kidogo, watatokea wanaosema "ana kimeo", kile kinyama kinachoning'inia kooni, akakatwe. Au wamwangalie fizi waseme "ana meno ya plastiki", wayang'oe. Ua, kama mtu wa Jumamosi akitamka moja kati ya hayo mawili, beba mtoto uondoke.

Mtoto wa dada yangu alikatwa kimeo akiwa na miezi sita. Alikuwa na mafua na haongezeki, basi. Walimkata saa tatu asubuhi, saa saba alikuwa anameza damu na kutapika damu. Tulimkimbiza kwenye pikipiki, mimi nyuma nimemshika, kanga yote nyekundu. Walimwongezea damu, Mungu akasaidia akabaki. Kifaa kilichotumika kwake kilitumika kwa wangapi kabla yake, hakuna ajuaye. Na yale meno ya plastiki ni vijino vya kawaida vya mtoto vikiwa bado chini ya fizi, vyeupe na laini. Ukivichokoa unaharibu hadi meno yatakayofuata.

Uzito? Ulirudi baadaye, mafua yalipoisha.

#21 Mzaramo Asilia
Pole sana #20. Mimi nitatetea kidogo dawa za kwetu. Si kila dawa ni kisu. Mtoto wangu alikuwa na zongo, tumbo limejaa, halali. Bibi alimkanda kwa mafuta na majani siku tatu, akatulia. Hospitali mara mbili waliniambia hana kitu.

#22 Daktari wa Zamu
#21 kumkanda mtoto kwa mikono ya upole hakuna ubaya. Ninachoogopa ni kumnywesha. Ini na figo za mtoto wa umri huo ni changa, na kikombe kile hakina kipimo. Kuoga na kunywa vitenganishwe.

#23 Mzaramo Asilia
Hapo tumeelewana, mkuu.

#24 Mwalimu wa Kigoma
Narudi kwa Bi Mwanaisha (#7), kuhusu mama kubeba mimba mtoto akiwa mchanga. Miaka ya 1930 daktari Cicely Williams alikuwa Gold Coast, Ghana ya sasa. Aliona watoto wamevimba miguu, nywele zimebadilika rangi. Akawauliza akina mama wa kabila la Ga wanauitaje ugonjwa huo, wakamwambia kwashiorkor: ugonjwa unaompata mtoto anayeachishwa ziwa mwenzake anapozaliwa. Sisi tukaja kuita kwashakoo. Kwa hiyo bibi zetu na bibi zao waliona jambo moja. Nafasi kati ya mtoto na mtoto ikibanwa, wa kwanza anaumia. Maelezo ndiyo yaliyotofautiana.

Ua, kwa heshima zote, umepima mimba?

#25 Ua la Mbagala
Mwalimu umenishtua. Siku zangu hazijarudi, nilijua nikinyonyesha siwezi kupata.

#26 Zuhura M
Kunyonyesha kunazuia mimba yakitimia matatu kwa pamoja: mtoto hajafika miezi sita, siku hazijarudi, na ananyonya tu, usiku na mchana bila kuachana muda mrefu. Wewe unaachana naye zaidi ya masaa kumi na mbili. Hilo la tatu limevunjika. Kapime, na ukikuta huna, zungumza nao kuhusu uzazi wa mpango unaofaa anayenyonyesha.

#27 Wakili Mdogo
Hakuna aliyegusa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mmoja. Wengi wanaishia hapo. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kwenda kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi masaa mawili kwa siku. Ukiunganisha mawili hayo mwisho wa siku, unatoka saa tisa badala ya kumi na moja. Andika barua, usiombe kwa mdomo.

#28 Ua la Mbagala
Tangu nirudi kazini nimekuwa nakamulia chooni na kumwaga, kwa kuwa sina pa kuyaweka. Sikujua kuna sheria. Naandika leo.

#29 Wanjiku wa Thika
Salamu kutoka Kenya. Sisi tuna kijitabu cha mama na mtoto, kila kitu kiko ndani, kutoka ujauzito hadi miaka mitano. Linda Mama ilitusaidia sana kujifungua bila malipo, ila tangu Oktoba 2024 mambo yamehamia SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ni lazima uwe umejisajili kabla. Nina rafiki aliyegundua hajasajiliwa akiwa na uchungu. Huko kwenu ni bure bado?

#30 Kidawa wa Chumbageni
Kwetu Sera ya Afya ya 2007 inasema wajawazito na watoto chini ya miaka mitano wasilipe kwenye vituo vya serikali.

#31 Chausiku_92
Inasema. Mimi kuna mahali niliambiwa dawa hazipo, nenda duka la nje. Niliandikiwa karatasi tatu, nikanunua moja.

#32 Boda wa Kijichi
Akate ile bima ya Toto Afya Kadi ya 50,400, mtoto anatibiwa mwaka mzima.

#33 Wakili Mdogo
#32 ule utaratibu wa mzazi kwenda kumkatia mtoto mmoja mmoja kwa 50,400 ulibadilishwa 2023. Aende ofisi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, aulize kilichopo leo, asiende na bei ya zamani mkononi.

#34 Ua la Mbagala
Mrejesho, nimetoka hospitali jana.

Mimba sina. VVU sina. Alipimwa bila nguo: 5.9. Damu yake iko sawa. Mkojo una usaha kidogo, wakampa dawa ya siku saba na kuupeleka maabara kuoteshwa, waone kama una wadudu.

Jambo jingine. Nilikaa na dada kwa upole, nikamwambia sitakufukuza, niambie tu siku yake inakwendaje. Akasema chupa ya pili mara nyingi inanuka, anamwaga. Mtoto akilia anampa maji ya kuchemsha yaliyopoa, "kwa sababu ya joto, dada". Tangu nilipoanza kazi. Hakufanya kwa ubaya. Ana miaka kumi na tisa na mimi sikumfundisha, nilimwonyesha chupa nikakimbilia daladala.

Mama mkwe nilimuuliza alivyonishauri Bi Mwanaisha. Akanishangaa, akasema: "Nilimaanisha umemwacha mapema. Mwenzio nilikaa kwetu miezi kumi." Wiki mbili nimelia kwa kitu ambacho hakukisema.

#35 Bi Mwanaisha
Mpe shikamoo yangu.

#36 Nesi Mstaafu
Umefanya vema kutomfukuza. Sasa mfundishe mbele ya bibi, wajue wote wawili. Titi: kidevu cha mtoto kiguse ziwa, mdomo wazi sana, mdomo wa chini umekunjuka nje, weusi wa titi uonekane zaidi juu kuliko chini. Usikie akimeza, siyo kunyonya hewa. Amalize upande mmoja mwenyewe. Maji hata tone moja hapana hadi miezi sita, hata Dar, hata Januari. Maziwa yana maji ya kutosha.

#37 Daktari wa Zamu
Majibu ya kuotesha yakija tuambie.

#38 Ua la Mbagala
Yamekuja. Wamesema wameota wadudu wa aina nyingi kwa pamoja, inawezekana mkojo ulichafuka wakati wa kuukinga, hawana uhakika kama alikuwa na maambukizi au la. Dawa amemaliza.

#39 Ua la Mbagala
Wapendwa, wiki nne zimepita. Leo nimepima kwenye mizani ile ile ya hospitali, bila nguo: 6.5. Nesi amechora, mstari umenyanyuka. Nimeushika kwa kidole njia nzima kwenye bajaji.

Yaliyobadilika ni haya: kazini wamekubali nitoke saa tisa. Boksi la barafu, kikombe, hakuna maji. Dawa siku saba. Bibi amebaki na anampakata kutwa.

Na nikiri moja. Bibi alimwogesha majani yake ile Jumamosi. Nilimkubalia, kwa sharti hanywi kitu.

#40 Mzaramo Asilia
Mnaona.

#41 Kidawa wa Chumbageni
Ni maji yale, #40. Umetoa maji umerudisha maziwa, gramu 600 zimerudi.

#42 Daktari wa Zamu
Kwa kweli haiwezekani kutenganisha. Dawa za siku saba zingeweza kuleta hilo hilo.

#43 Baba Pacha
Nami bado nadai sehemu yangu ya mizani. 5.7 ya mwezi wa tatu ilikuwa na nguo na kaptula. Usikute mwezi ule alikuwa 5.3, na mwezi wa nne aliongezeka nusu kilo vizuri kabisa bila sisi kujua.

#44 Zuhura M
Mbona 5.8 hadi 5.8 juzi yake ilikuwa mizani moja?

#45 Baba Pacha
Hapo umenibana.

#46 Bi Mwanaisha
Mama anarudi saa tisa, bibi yupo nyumbani, mtoto anapakatwa. Mimi nilisema nini?

#47 Chausiku_92
Nimefurahi hadi machozi. Ua, wiki mbili zijazo anafika miezi sita, sasa uji ruksa. Changanya ulezi, mchele, ngano, mahindi, soya, karanga, mbegu za maboga, uwele, dagaa, usage pamoja.

#48 Nesi Mstaafu
Chausiku mwanangu, tisa kwa mpigo! Akipata vipele utajua ni kipi? Anza nafaka moja, uwe mzito usiodondoka kwenye kijiko kama maji. Ongeza kimoja kimoja: kiini cha yai, ndizi ya kuponda, dagaa wa kusaga, mboga. Titi liendelee. Miezi sita anapata pia matone ya vitamini A, na miezi tisa chanjo ya surua. Usiache kadi nyumbani.

#49 Mama Kijacho
Nimekwenda kliniki, nina kadi. Shangazi hajui.

#50 Mama Salama wa Ilula
Habari, mimi mgeni, nimesoma kuanzia juu. Wa kwangu wa kike ana miezi saba, uji anautema, uzito umesimama mwezi wa pili huu. Mama yangu anasema nilimzongesha.

#51 Nesi Mstaafu
Karibu mama. Anakojoa mara ngapi kwa siku?